Funguo za stoo niliziacha, daftari nikabaki nalo

Ijumaa moja ya mwezi wa 6 mwaka 2023 nilikabidhi funguo 11 za stoo kwa kijana ambae mimi mwenyewe ndo nilimfundisha kupanga magunia. Tukahesabu kila kitu pamoja, mablanketi, masufuria, ndoo, sabuni, maturubai, mpaka vikopo vya kupimia, yeye akasaini na mimi nikasaini, na kilichoandikwa kwenye stoki kadi kikalingana na kilichopo sakafuni hadi kipande cha mwisho. Afu nikavua kitambulisho shingoni nikakiweka mezani. Miaka nane. Nikatoka getini na begi la leptopu ambalo ndani halina leptopu maana ilikua ya ofisi.

Naandika hii kwasababu tangu mwaka uanze nimeshapigiwa simu na watu kama sita niliowahi kufanya nao kazi kwenye kambi za wakimbizi, wote mikataba imeisha na wote wanauliza kitu kimoja, kaka wewe ulifanyaje. Kwenye simu naishia kusema tunamshukuru Mungu, maana stori yenyewe ni ndefu na ina sehemu zinaniuma mpaka leo. Ngoja niiweke yote hapa.

Kama hujaishi Kigoma inabidi uelewe kwanza kwamba huku kwetu kazi ya kambi sio kazi tu, ni maisha ya mji mzima. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, watu wamezaliwa mle wamekua wameoa. Mwaka 2015 Warundi walivokua wanavuka kwa maelfu pale Kagunga, kijiji kimebanwa kati ya milima na ziwa Tanganyika, hakuna barabara ya gari, ilikua ni meli ya MV Liemba inaenda kuwabeba inawaleta bandarini Kigoma mjini. Mimi siku zile nilikua kibarua wa kushusha mzigo, na nilishusha mzigo nikiwa naona watu wanateremka na godoro moja na watoto wanne. Ndo nilivoingia. Kutoka kibarua nikawa msaidizi wa stoo, kutoka msaidizi nikawa stoo kipa, mwisho nikawa naangalia stoo tatu. Nilijenga Mwandiga, nikasomesha wadogo zangu wawili. Hela yote ya nyumba za kupanga Kasulu na Kibondo, ya mama ntilie, ya madereva, ilitoka huko huko.

Na tulijua itaisha. Kambi ya Mtendeli ilivofungwa 2021 watu wakahamishiwa Nduta, kila mtu mwenye akili aliona bajeti inapungua, lakini unajua mtu ukiwa ndani unajipa moyo kwamba wewe utakua wa mwisho. Mimi nilipewa taarifa kwa imeili, wiki mbili kabla. Sitaitaja taasisi. Kilichoniuma sio kuondolewa, ni ile imeili ilianza na "Mpendwa Mfanyakazi", hata jina hawakuandika.

NSSF Kigoma, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, walinisaidia, kuna fao la kukosa ajira, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kama ulikua unachangia nenda kaulize usione aibu. Hiyo ndo ilitununulia unga. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi kwahiyo hatukulala njaa, lakini nyumba ilianza kuendeshwa na mshahara wake na yeye hakuwahi kusema neno hata moja, na ile kutosema kwake ilikua inanikosesha usingizi kuliko angesema.

Miezi nane nilikua naomba kazi. Nilikua naamka saa 12, naoga, navaa shati la kupiga pasi, nachukua lile begi tupu natoka, majirani wakijua naenda kazini. Nilikua naenda kukaa karibu na bandari naangalia ziwa mpaka saa 9 narudi. Nimefanya hivo karibu miezi mitatu na leo ndo mara ya kwanza naiandika mahali. Kuna kikao cha harusi tulikaa Gungu, watu wanajitambulisha jina na kazi, ikafika zamu yangu nikasema jina langu afu mdomo ukagoma, nikakaa chini. Mwenyekiti kwa hekima yake akaendelea na mtu anaefuata. Nyumbani nikalia.

Pale bandarini kuna mzee mmoja mstaafu, alifanya kazi melini miaka mingi, nae alikua anakuja kukaa. Aliniona siku nyingi na lile begi, hakuniuliza. Siku moja akaanza tu kunielezea habari ya Liemba. Stori ya kwamba iliundwa Ujerumani 1913 ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku mpaka Dar, ikapandishwa treni hadi Kigoma, hiyo wote tumeikuta shuleni. Alichoniambia ambacho sikukijua ni hiki, kwamba mwaka 1916 Wajerumani walipoona vita inawaelemea wakaamua kuizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, na kabla ya kuizamisha mafundi walikaa wakapaka mashine zote grisi nzito, kila chuma. Waingereza walivokuja kuiibua 1924 mashine zilikua zinafaa, na 1927 meli ikarudi kazini. Mzee akaniangalia akasema, "Kijana, we ulivozama ulipaka grisi?"

Nilienda nyumbani na hilo swali. Nilikaa na mke wangu usiku tukawa tunaandika kwenye karatasi ya daftari la mwanafunzi vitu ninavoviweza. Sio vyeo, vitu. Mwanzoni niliandika mambo ya kwenye sivii, "usimamizi wa mnyororo wa ugavi" na nini, mke wangu akafuta. Akaniambia niambie ukiingia stoo asubuhi mkono wako unafanya nini. Ikatoka orodha nyingine kabisa: najua kuangalia gunia nikajua limelowa chini kabla halijanuka. Najua kupanga mzigo upate hewa. Najua kupima kabla na baada na kuuliza tofauti imeenda wapi. Najua cha kwanza kuingia ndo cha kwanza kutoka. Najua kuandika, kila siku, hata siku ambayo hakuna kitu.

Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Ila kosa nililofanya baada ya pale ni kudhani kwasababu najua stoo basi najua biashara. Kila mtu Kigoma alikua ananiambia piga dagaa, dagaa wa Kigoma wana bei, Dar wanagombaniwa. Mwezi wa 2 mwaka 2024 nikachukua kama milioni mbili iliyobaki kwenye kiinua mgongo nikaenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikanunua kilo 80 za dagaa kavu, kwa siku moja, kwa haraka, kama mtu anaenunua sabuni, nikafunga viroba nikatuma kwa basi. Mteja wa Dar akanipigia kesho yake. Alichekecha mbele ya kamera nikaona mwenyewe, mchanga umejaa chini ya karai, na kiroba kimoja katikati kimeota ukungu. Alinilipa kama nusu ya hela. Hakua mkorofi, alisema tu "kaka hawa walianikwa chini, na walifungwa hawajakauka". Mwezi wa 2 Kigoma ni mvua. Kila mama pale mwaloni alikua anajua hilo isipokua mimi, na hakuna hata mmoja niliemuuliza, kwasababu nilifika na shati la kupiga pasi.

Hapa ndo naomba mnielewe vizuri, nyie mlionipigia simu. Kupoteza kazi kuliniondolea mshahara, sawa, lakini kilichonichelewesha kuinuka ni kwamba bado nilikua natembea kama bosi wa stoo tatu. Nilikua nataka kuanza upya bila kukaa chini ya mtu. Na watu wenye ujuzi ambao mimi nilikua nauhitaji ni akina mama wa mwaloni, wengine hawajamaliza la saba, ambao nikiwa kwenye Land Cruiser ya ofisi nilikua nawapita nimefunga kioo.

Nikarudi mwaloni, pale Katonga. Nikamfuata mama mmoja wa makamo, ana chanja zake sita, zile meza za kuanikia dagaa, nikamwamkia nikamwambia mama nimepata hasara na nataka kujifunza, nitakubebea maji na nitakubebea mzigo, usinilipe. Akanitazama toka juu hadi viatu. Akasema, "Mwanangu, kesho njoo saa 11 alfajiri, na hivyo viatu uviache kwenu."

Nilienda siku 40 na kitu. Ngoja niwaeleze kidogo maana wengi wanakula dagaa na hawajui kazi yake. Mitumbwi inatoka jioni, wanavua usiku kwa taa, dagaa wanaifuata taa. Ndomaana mwezi ukiwaka ziwa zima linang'aa, taa haina maana, wavuvi wanapumzika, wanatengeneza nyavu. Kwahiyo dagaa ina kalenda yake, kuna giza, zile siku mwezi hauwaki na watu wanavua, na kuna mbalamwezi, na bei inapanda na kushuka kwa kufuata mwezi wa angani sio mwezi wa mshahara. Alfajiri mitumbwi ikiingia akina mama wanashuka majini kununua kwa beseni, kelele, kuvutana, na yule mama hata siku moja hakupiga kelele. Alikua anaingiza mkono katikati ya beseni, sio juu, anatoa wachache anawaweka kwenye kiganja. Wakiwa bado wanang'aa kama bati jipya na tumbo halijapasuka anachukua. Wakiwa wamelegea anaacha, hata kama ni bei ya kutupa.

Afu kuanika. Wa kwenye mchanga wanakauka, lakini wanabeba mchanga, na mvua ikija huwahi kuwazoa. Kwenye chanja upepo unapita juu na chini, mvua ikija unatupia turubai tu. Unawatandaza asipande mtu juu ya mwenzie. Saa sita jua likiwa kali unawageuza kwa mkono wazi, taratibu, ukitumia nguvu vichwa vinakatika na dagaa asie na kichwa bei yake ni nyingine. Kujua kama wamekauka yule mama hakuangalia saa. Anachukua wa kujaza mkono anawatikisa karibu na sikio. Alinitikisia mara ya kwanza nikasema nasikia, akasema hujasikia. Ilinichukua kama wiki mbili kusikia. Wakiwa tayari wanalia kama majani makavu ya mgomba yanayosuguana na upepo, wakiwa bado kuna uzito fulani kwenye ile sauti, sijui nielezeje, kama vile kuna mtu amefunika mdomo.

Siku zote hizo mimi nilikua na daftari. Mwanzoni wenzake walidhani mimi ni mtu wa Manispaa nahesabu ushuru, wakawa wananikwepa. Nikawaonyesha. Niliazima mizani nikawa napima dagaa wabichi kabla ya kuingia chanjani na kavu wakitoka, kila siku, naandika na giza la ngapi na kama kulikua na mawingu. Kwa hesabu zangu pale ilikua inaenda karibu kilo nne mbichi kupata moja kavu, siku nzuri chini ya hapo kidogo, siku za mawingu ukichelewa wanaharibika unapata pungufu. Yule mama miaka zaidi ya ishirini anafanya hii kazi alikua anajua kwa mkono kwamba siku fulani amepata na siku fulani amekosa, lakini hakuwahi kuiona imeandikwa. Nilivomsomea hesabu ya giza zima, alinunua kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kimepotelea wapi, alikaa kimya afu akasema soma tena. Nikasoma tena. Iligundulika hasara kubwa haikua chanjani kabisa, ilikua ndani, kwenye kachumba anakohifadhi. Viroba vilikua vimelala sakafuni vimeegemea ukuta, vya chini vinavuta unyevu, na akiuza anauza vya juu vilivyoingia jana huku vya mwezi uliopita vinaozea chini.

Hapo sasa nilikua nyumbani. Nikaokota mbao za masanduku nikagonga paleti nne, nikaviweka viroba mbali na ukuta, nikaacha njia ya kupita katikati, nikafunga kadi kwenye kila kiroba, tarehe, uzito, mwalo. Kazi ya nusu siku ambayo nimeifanya maisha yangu yote ya ofisini bila kuiona kama ni ujuzi. Toka siku ile akaanza kuniita Bwana Stoo, na wenzake wakaanza kuja, njoo na kwangu uangalie.

Tulivoanza kushika kasi ndo ziwa likafungwa. Tarehe 15 Mei 2024 mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, mara ya kwanza kwa upande wetu, nchi zinazochangia ziwa zilikubaliana lipumzike samaki wazaliane. Naliunga mkono, nilikua naliunga mkono hata siku ile, kwasababu wazee wote wa mwaloni wanakwambia samaki sio wale wa zamani. Lakini kuna watu walilala njaa, na mtu asije akaniambia hawakulala. Giza la mwisho kabla ya kufungwa lilikua mwanzoni mwa Mei na tulikausha kila tulichoweza kununua. Tulikua wanne, mimi na akina mama watatu, tukaweka kwenye chumba kimoja, kwenye paleti, naingia kila siku kuangalia kama nilivokua naangalia stoo ya kambi. Hawakuota ukungu. Tuliuza kidogo kidogo bei ikiwa imepanda, na kila wiki nilikua nagawa hela mbele ya wote daftari likiwa wazi.

Miezi ile mitatu ndo nilihangaika na makaratasi, kusajili jina la biashara BRELA, namba ya mlipa kodi (TIN), leseni ya Manispaa, SIDO wale wa viwanda vidogo kwa ajili ya mambo ya vifungashio, afisa uvuvi kwa ajili ya kibali cha kusafirisha. Inachosha lakini ukishafanya kazi kwenye mashirika makaratasi hayakutishi, hii nayo iandike kwenye orodha yako ya vitu unavoviweza. Ziwa likafunguliwa katikati ya Agosti na mwezi ulikua unakaribia kujaa, ulijaa tarehe 19, kwahiyo sisi wa dagaa tulikua tunajua neema yenyewe ni mpaka mwezi upungue. Tukasubiri tena. Nilikua nimeshajifunza kusubiri kwa mwezi.

Niwaambie na hesabu ya kweli. Sijafikia mshahara wangu wa zamani. Kuna miezi napata zaidi, kuna miezi ya mvua napata hela ya chumvi. Bima ya afya niliyokua nayo ofisini sina, tupo kwenye ya mke wangu. Mgongo unauma. Yule mteja wa Dar alienilipa nusu kwa wale dagaa wa mchanga ndo mteja wangu mkubwa sasa hivi, nilimpigia mwenyewe nikamwambia nakutumia kilo 5 bure, chekecha. Alichekecha, hakukua na kitu chini.

Na kwenye vikao sasa hivi nikifikiwa nasema jina langu na kwamba nauza dagaa Katonga. Sauti inatoka.

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na namba ya ofisi. Dada mmoja, mpole, anaita jina langu vizuri kabisa, akasema wana zoezi la kuhesabu stoo zote, la wiki mbili, mtu aliekuepo hawezi, na watu wawili tofauti wametaja jina langu, je niko tayari kuanza Jumatatu. Nilikua nimesimama chanjani mikono imejaa magamba, simu nimeibana na bega. Ningekua yule wa 2023 ningesema ndio kabla hajamaliza sentensi. Nilimwambia dada nashukuru sana na kazi naitaka, ila Jumatatu ni giza, siwezi, naweza kuja wakati wa mbalamwezi.

Akakaa kimya kidogo. Afu akauliza, "Samahani kaka, mbalamwezi inaanza lini?"

Nikafuta mikono, nikafungua daftari, nikamtajia tarehe.